Watu wa Mlimani: Wapolandi wa Tatra, Makaburi ya Tengeru na Sisi wa Chini ya Meru



 Leo tunapanda milima, tena miwili kwa mpigo. Mmoja tunauona kila siku tukiwa hapa Olasiti, kama mawingu hayajaufunika: Meru wetu, wenye zaidi ya mita 4,500. Mwingine uko mbali sana, kusini mwa Poland, unaitwa Tatra. Kilele chake kirefu kuliko vyote upande wa Poland, Rysy, kina mita 2,499. Kwa urefu tumewazidi. Lakini kuna jambo moja ambalo watu wa kule wamelifanyia kazi kwa karne nyingi, na sisi bado linatusumbua.

Jambo lenyewe ni hili: je, ukiwa Mkatoliki kweli kweli, unabaki kuwa Mmeru, Mwarusha, Mchaga au Mmbulu kweli kweli?

Msione ni swali la wazee. Nalisikia kwa vijana kila mara, kwa sura mbili. Kuna wanaosema, "Mambo ya mila ni ya kipagani, mimi nimeokoka na hayo." Halafu kuna wengine, hasa waliosoma soma mitandaoni, wanaosema, "Ukatoliki ni dini ya Wazungu, turudi kwetu." Wa kwanza anaona aibu bibi yake akiongea Kimeru mbele ya marafiki. Wa pili anaanza kukosa Misa. Yaani wote wawili wanaamini kitu kilekile: kwamba lazima uchague kimoja.

Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako usome sehemu tatu: Matendo 15:1-29, Ufunuo 7:9-10, na Mathayo 5:23-24. Zisome taratibu. Tutazirudia.

1. Wapolandi walishawahi kuwa majirani zetu

Ukitoka mjini kwa barabara ya Moshi, kama kilomita 13 hivi unafika Tengeru. Sokoni pale wengi tunapajua, na Ziwa Duluti tunalijua. Ila wachache wanajua kwamba ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi ya Wapolandi karibu 150.

Walifikaje? Septemba 1939 Poland ilivamiwa kutoka pande mbili: Wajerumani kutoka magharibi, Wasovieti kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940 Wasovieti walianza kuwakamata raia wa mashariki ya Poland na kuwapeleka kwa treni za mizigo hadi Siberia na Kazakhstan. Wengi walikufa kwa baridi, njaa na magonjwa. Mwaka 1941, Hitler alipoigeukia Urusi, yakafanyika makubaliano na Wapolandi hao wakaruhusiwa kutoka. Walioweza walifika Uajemi, yaani Iran ya leo. Wanaume wengi wakaingia jeshini. Wanawake, watoto na wazee wakatafutiwa mahali pa kukaa, na zaidi ya 18,000 wakaletwa Afrika. Makazi yalikuwa mengi: Masindi na Koja kule Uganda, Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro hapa kwetu. Makubwa kuliko yote yalikuwa Tengeru, yaliyoanza mwaka 1942 na kufikisha watu karibu 5,000.

Niweke jambo moja sawa, maana huwa linachanganywa. Wengi wa hawa wa Tengeru hawakuwa watu wa mlimani. Walitoka maeneo ya tambarare na misitu ya mashariki mwa nchi yao. Mlima wao wa kwanza wa kuishi chini yake ulikuwa Meru wetu.

Sasa fikiria: mama amepoteza nyumba, pengine mume na watoto wawili njiani. Anashushwa kwenye vibanda vya mviringo vilivyoezekwa nyasi, katika nchi asiyoijua. Wakafanya nini? Wakaweka kanisa, shule, hospitali, bustani na mashamba. Watoto wakafundishwa Kipolandi na katekisimu. Kule Masindi, Uganda, kanisa walilolijenga kwa mikono yao bado limesimama mpaka leo.

Walikuwa wamebakiwa na vitu viwili tu ambavyo hakuna askari aliyeweza kuwanyang'anya: lugha yao na imani yao. Na vitu hivyo havikugombana. Sala ililinda lugha, na lugha ikabeba sala. Mtoto aliyefundishwa Baba Yetu kwa lugha ya mama yake huko ugenini alijifunza mara mbili: yeye ni mtoto wa Mungu, na yeye ni mtoto wa watu fulani.

Tena pale makaburini hawajalala Wakatoliki peke yao. Kuna Waorthodoksi na kuna Wayahudi. Walioteseka pamoja wamelala pamoja. Wengi wa waliobaki hai waliondoka vita ilipokwisha na makazi yalipofungwa, wakaenda Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Waliokufa wamebaki kwetu. Nao tunawaombea kila Novemba, hata kama majina yao yanatushinda kutamka.

2. Podhale: imani iliyovaa nguo za mlimani

Sasa twende kwenye milima yenyewe. Chini ya Tatra kuna eneo linaitwa Podhale, na wenyeji wake huitwa Górale, maana yake watu wa mlimani. Mji wao maarufu ni Zakopane.

Ukisikia maisha yao utadhani unasikia habari za hapa. Ni wafugaji wa kondoo. Mkuu wa wachungaji huitwa baca. Kila majira ya kuchipua kondoo hupandishwa malishoni juu, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Adalbert, ambaye wao humwita Wojciech, tarehe 23 Aprili. Hushushwa karibu na sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli Malaika Mkuu, tarehe 29 Septemba. Mmeona? Kalenda ya mifugo na kalenda ya Kanisa zimeshikana mikono. Kabla ya kupanda, wachungaji hukusanyika Ludźmierz kwa Misa na baraka. Maziwa ya kondoo hutengenezwa jibini la kukaushwa kwa moshi, linaitwa oscypek. Jumamosi Kuu, kama ilivyo desturi ya Wapolandi wote, familia hubeba chakula cha Pasaka kwenye vikapu kikabarikiwe kanisani.

Nguo zao je? Suruali za sufi nyeupe zenye mapambo ya kushonwa kwa nyuzi za rangi, na mkononi fimbo yenye kichwa cha shoka. Na nguo hizo siyo za kupigia picha na watalii tu. Siku za sikukuu watu huingia nazo kanisani. Kuna kanisa la mbao la Mtakatifu Mikaeli kule Dębno, la karne ya 15, ambalo mwaka 2003 liliwekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na makanisa mengine ya mbao ya kusini mwa Poland. Mafundi wake walijenga kwa mti wa kwao na ujuzi wa kwao. Hawakungoja marumaru kutoka Roma ndipo wamwabudu Mungu.

Tuzingatie pia kwamba utamaduni huo wa Podhale haukushuka kutoka mbinguni ukiwa umekamilika. Parokia ya Ludźmierz, kongwe kuliko zote eneo hilo, ilianza mwaka 1234, nayo ililetwa na wamonaki kutoka kwingine. Ufugaji wa milimani ulichangiwa na wachungaji waliokuja taratibu kutoka upande wa Balkani. Walikutana, wakaoana, wakabadilishana maneno na mapishi. Hata kwetu ni hivyo hivyo. Wameru walifika mlimani hapa kutoka kwingine. Waarusha walikuja kutoka Arusha Chini katika karne ya 19. Wakaishi jirani, wakapigana, wakaoana. Na leo loshoro inaliwa na kila mtu bila kuuliza ni ya nani. Utamaduni ni kama mgomba: unatoa machipukizi, unahamishwa, unapandwa upya, na bado ni mgomba.

3. Papa aliyependa milima

Mtakatifu Yohane Paulo II alizaliwa tarehe 18 Mei 1920 Wadowice, mji mdogo karibu na milima hiyo ya kusini. Alipokuwa padre kijana, serikali ya kikomunisti haikutaka mapadre wawe na vikundi vya vijana. Basi yeye akawa anavaa nguo za kawaida, anatoka na wanafunzi kwenda kupanda milima na kupiga makasia mitoni. Ili wasigundulike walimwita Wujek, yaani mjomba. Misa waliadhimisha huko huko porini, mtumbwi uliogeuzwa ukiwa ndiyo altare. Mwaka 1958 habari za kuteuliwa kwake kuwa askofu zilimkuta akiwa kwenye safari ya namna hiyo.

Tarehe 15 Agosti 1963, sanamu ya Bikira Maria wa Ludźmierz ilipovikwa taji, fimbo ya kifalme ilimwanguka mkononi, na aliyeidaka alikuwa huyo askofu kijana Karol Wojtyła. Wagorale wanaikumbuka habari hiyo mpaka leo.

Alipokuwa Papa alirudi kwao, na tarehe 6 Juni 1997 aliadhimisha Misa Zakopane, Wagorale wakiwa wamevaa mavazi yao. Juu yao ulionekana msalaba wa chuma wa mlima Giewont, wa mita 15, uliosimikwa na waparokia mwaka 1901. Vyuma vyake vilipandishwa mlimani kwa nguvu za watu. Papa aliwaomba wasiuonee aibu msalaba, bali wautetee.

Huyu ndiye Papa aliyefika Tanzania Septemba 1990 na kufika mpaka jirani hapa Moshi. Na ndiye aliyetoa mwaka 1995 waraka wa Ecclesia in Africa, baada ya Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994. Humo anafundisha kwamba utamadunisho ni jambo la lazima na la haraka, na kwamba Kanisa la Afrika lijielewe kama Familia ya Mungu. Mimi naamini mtu aliyekulia mahali ambapo mchungaji anaingia kanisani na nguo za mlimani haikumwia vigumu kuelewa kwamba Mmaasai anaweza kuingia na lubega lake.

4. Lakini angalieni: urithi unaweza kugeuzwa sanamu

Hapa tusijidanganye. Si kila kilicho cha kale ni kizuri.

Wakati wa vita Wajerumani waliwaendea Wagorale na maneno matamu: "Ninyi si Wapolandi, ninyi ni taifa lenu maalumu, bora kuliko wenzenu." Wakawapa vitambulisho vya pekee. Wakawatumia viongozi wachache waliopenda ukubwa. Mavazi yale yale, ngoma zile zile, fahari ile ile, vikageuzwa chambo cha kuwagawa ndugu. Wapo walionasa. Wengi walikataa, na hata kikosi cha jeshi kilichotakiwa kuundwa kwa jina lao kilishindikana. Waliokataa hawakuacha kuwa Wagorale. Walijua tu kwamba kabila likishawekwa mahali pa Mungu, linaanza kudai damu.

Na sisi? Tunayo ya kwetu ya kusafisha. Ukeketaji wa mabinti umefanywa kwa jina la mila, na sheria ya nchi yetu tangu 1998 inaukataza kwa watoto wa kike walio chini ya miaka 18. Kumnyima mjane shamba, hiyo nayo huitwa mila. Kumkataza binti kuolewa na mtu wa kabila fulani wakati wote wamebatizwa, na wanapokea Mwili wa Kristo mmoja, hiyo huitwa heshima ya ukoo. Ndugu zangu, hizo si mila za kutunza. Hizo ni dhambi zilizovaa nguo za babu.

Ndiyo maana nilisema msome Matendo 15. Mitume walikaa Yerusalemu kuamua kama watu wa mataifa lazima wawe Wayahudi kwanza ndipo wawe Wakristo. Jibu likawa hapana, wasitwikwe mzigo huo. Ila hawakusema "njooni na kila kitu". Waliwataka waache ibada za sanamu na uzinzi. Mlango uko wazi, lakini una kizingiti.

5. Nyasi za amani

Sasa niwape mfano wa kwetu, ambao mimi naupenda kuliko yote.

Kwa Wamaasai na ndugu zao Waarusha, nyasi mbichi ni alama ya amani. Mtu akishika nyasi mkononi mbele ya mwenzake, anaomba au anatoa amani. Jirani zetu Wachaga wana jani la isale: ukiletewa isale kuombwa msamaha, kukataa si jambo dogo.

Katika miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 alikuwepo kaskazini mwa Tanzania padre Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, Vincent Donovan, aliyehubiri Injili kwa Wamaasai. Anasimulia katika kitabu chake cha mwaka 1978 kwamba siku ya Misa nyasi zilipitishwa kutoka mkono hadi mkono kijijini kote. Kama kuna mtu au kundi lililokataa kuzipokea, yaani ugomvi haujaisha, basi siku hiyo Ekaristi haikuadhimishwa.

Soma tena Mathayo 5:23-24. Yesu anamwambia mtu mwenye sadaka aiache mbele ya altare, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Waliosikia habari njema majuzi tu waliyaelewa maneno hayo kwa nyasi, kuliko wengi wetu tuliobatizwa tukiwa wachanga.

Maana tuseme ukweli. Kwenye jumuiya zetu ndogo ndogo wapo watu wasiosalimiana mwaka wa tatu huu kwa sababu ya mpaka wa kiwanja. Wapo mtu na shemeji yake wanaokaa mabenchi tofauti kwa makusudi. Inapofika "tutakiane amani", tunapeana vidole viwili huku tunaangalia pembeni, halafu tunapanga mstari wa Komunyo. Hebu jiulize: kama nyasi zingepitishwa Jumapili hii hapa Olasiti, Misa ingefika mwisho?

Hapo ndipo ninapoona jibu la swali letu. Mila ya nyasi haikuondoa kitu kwenye Ekaristi. Iliifanya iume. Na Ekaristi haikuua mila ya nyasi. Iliipa kina ambacho wazee wenyewe hawakuwahi kukiona: amani ambayo siyo ya koo mbili tu, bali ya Kristo mwenyewe. Hivyo ndivyo Injili inavyofanya ikiingia nyumbani kwa watu. Haibomoi nyumba. Inafungua madirisha, inafagia, na kuna vitu inatupa nje.

Na mwisho wake ni ile picha ya Ufunuo 7:9. Yohane aliona umati usiohesabika wa kila taifa, kabila na lugha. Angalia: aliwatambua kuwa ni wa makabila na lugha mbalimbali hata wakiwa mbinguni! Mungu hakuwafuta wafanane. Mgorale yupo pale na wimbo wake, na Mmeru yupo pale na vigelegele vyake.

6. Maswali matatu ya kupima mila yoyote

Mkikaa kwenye kikundi, iwe VIWAWA, TYCS au kwaya, chukueni mila moja ya kwenu na kuiuliza:

1. Inamheshimu Mungu mmoja, au inampa kiumbe nafasi yake?
2. Inamlinda mdogo na mnyonge, yaani mtoto, mjane, mgeni, au inamkandamiza?
3. Inafungua mlango kwa wasio wa kwetu, au inaufunga?

Ikipita yote matatu, itunzeni na kuileta altareni. Ikishindwa moja, isafisheni. Ikishindwa yote, iacheni bila machozi.

Kazi ya wiki

- Muulize bibi, babu au mzee wa jirani: zamani watu waliogombana walipatanishwaje kwetu? Andika, maana wakiondoka wameondoka nayo.
- Jifunze kusali Baba Yetu kwa lugha ya nyumbani kwenu. Kama mmechanganya makabila, jifunze ya upande wa mama pia.
- Mkiweza, pangeni kama kikundi kwenda Tengeru. Ombeni ruhusa kwanza, ingieni kwa heshima, salini rozari kwa ajili ya marehemu wale na wakimbizi wote wa leo.
- Kama kuna mtu ambaye nyasi zake ungezikataa, mtafute kabla ya Jumapili.

Tusali

Ee Mungu Baba yetu, uliyeiumba milima na kuwapa watu wa kila mlima lugha ya kukusifu, tunakushukuru kwa wazee wetu na mema waliyotuachia. Utupe macho ya kuona yapi ni yako na yapi si yako. Uwapumzishe kwa amani ndugu zetu waliolala Tengeru mbali na kwao. Utuondolee uchungu uliomo kati yetu, ili tukija mezani pako tuje na mikono mitupu ya ugomvi na iliyojaa amani. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Bikira Maria, Mama wa watu wa mlimani, utuombee.
Mtakatifu Yohane Paulo II, utuombee.

Jumapili njema, na tukutane Misani.